Kizimba Chenye Maua ya Chuma

Mama yangu mdogo akiletewa tairi, haanzi na tairi. Anaanza na dereva.

"Unabeba nini? Unapita wapi? Lami au kokoto? Ukiwa na mzigo unakimbia, au unakwenda kama mtu mwenye familia?"

Dereva akishajibu ndipo yeye anachutama na kupitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, kwenda na kurudi, kama mtu anayepapasa paji la mtoto akitafuta homa. Zikiwa zimelika upande mmoja, anajua magurudumu yamekaa kombo. Zikiwa zimelika katikati, anajua dereva anajaza upepo mpaka tairi linasimama kwa kidole gumba. Zikiwa zimelika kingo zote mbili, upepo ni mdogo na tairi limekuwa likiburuzwa kwa tumbo. Kisha anatoa hukumu, na hukumu yake haina rufaa.

"Hili la mbele linatoka leo."

"Lakini Mama, kashata bado zipo."

"Kashata zipo, ubavu haupo. Unaona uvimbe huu hapa? Hii ni mimba, baba, na itazaliwa ukiwa kwenye mteremko."

Karakana nzima hucheka, dereva naye hucheka kidogo, halafu tairi linatoka.

Anafanya kazi katika karakana ya shamba kubwa la miwa, na wote pale wanamwita Mama Upepo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na ovaroli iliyokunjwa miguuni mara tatu, kwa sababu shamba halijawahi kununua ovaroli ya mtu wa kimo chake. Malori ya kubeba miwa ni yake, trekta ni zake, matela ni yake. Hakuna gurudumu linalotoka getini bila yeye kuligonga kwa nyundo na kusikiliza sauti. Anajua lori lenye magurudumu pacha nyuma haliwekewi tairi jipya kando ya tairi kuukuu, maana jipya litabeba mzigo wote na kuukuu litakuwa abiria. Akikuta jiwe limebanwa katikati ya pacha hao, humfuata dereva na jiwe mkononi, akamwekea juu ya sahani yake ya chakula. Huwa hasemi neno. Jiwe linatosha.

Hakufundishwa na chuo. Alifundishwa na mumewe, baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa matairi kabla yake. Enzi hizo Mama Mdogo alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, na badala ya kurudi nyumbani na vyombo alikuwa akibaki kumshikia mtalimbo. Wenzake walimtania mumewe kwamba amepata kibarua asiyelipwa. Baba Mdogo alikuwa akiwajibu kwamba huyu ni bosi wake, amekuja kukagua.

Halafu siku moja pete iliruka.

Niwaeleze, maana watu wengi hupita kando ya lori bila kujua kilichokaa pale chini. Ringi za malori yale ya zamani si kipande kimoja. Kuna ringi yenyewe, na kuna pete ya chuma inayoingia kwenye mfereji ili kulibana tairi lisitoke. Upepo ukiingia, tairi linaisukuma pete ijifunge. Pete ikikaa vizuri, unafunga gurudumu na lori linakwenda zake. Isipokaa vizuri, labda ina kutu, labda imepinda upana wa kucha, basi upepo unazidi kupanda nayo inazidi kuvumilia, mpaka inachoka. Ikichoka haidondoki. Inaruka. Mtu aliyeinama juu yake hana hata muda wa kusema mama.

Baba Mdogo alikuwa ameinama juu yake. Alikuwa ameizungushia mnyororo, kama alivyoagizwa na ofisi. Pete ilikata mnyororo ikaendelea na safari. Alipona, kama kuishi vile ni kupona: taya liliunga kombo, sikio la kulia halisikii, mkono wa kulia haupandi juu ya kiuno. Shamba lilimletea blanketi na pole. Kisha likamwuliza mkewe, hata kabla bandeji hazijatolewa, kama angeweza kushika ile kazi, maana msimu wa kuvuna ulikuwa mlangoni na hakuna fundi mwingine aliyetaka kuisogelea.

Alikubali, kwa sababu nyumba wanayokaa ni ya shamba, na mtu wa nyumba ya shamba lazima awe na kazi ya shamba. Lakini alisema hajazi hata gurudumu moja mpaka awe na kizimba.

Nani amjengee? Ofisi ilisema vyuma hakuna. Basi akaenda mwenyewe kwenye lundo la chuma chakavu nyuma ya karakana. Alikuta pale geti kuukuu, zito, la mabomba manene, lililopambwa maua ya chuma yenye petali tano tano. Alimbembeleza mchomeleaji, naye akamkatia na kumkunjia, Mama Mdogo mwenyewe akimshikia vyuma macho yakimwasha kwa cheche. Wakatoa kizimba cha miguu minne, kirefu kuliko mbuzi na kifupi kuliko ng'ombe, chenye mlango wa komeo. Gurudumu linaingizwa humo, komeo linafungwa, mpira wa upepo unapitishwa katikati ya vyuma, na yeye anakaa mbali, ubavuni, kamwe si mbele. Pete ikitaka kuruka, iruke. Itakutana na maua.

Miaka yote aliyofanya kazi na kizimba kile hakuna mtu aliyepata hata mkwaruzo. Nimeyasema yote haya ili mjue kilichoibwa ni nini.

Mwaka huu, nikiwa nimemaliza chuo na nikikaa kwao huku nikisubiri kazi, Mama Mdogo alimpeleka mumewe kliniki ya taya. Kesho yake tulipofika karakana, mahali pa kizimba palikuwa na alama nne za miguu sakafuni, safi, zimezungukwa na vumbi la mpira.

"Kiko wapi?" aliuliza.

Mafundi wakawa ghafla na kazi nyingi. Aliyejibu ni dereva wa trekta, ambaye tunamwita Kasuku kwa sababu siri ikikaa kinywani mwake inamuumiza meno.

"Mama Upepo, usinipige mimi. Meneja alipita jana na mkewe. Mkewe akayapenda yale maua. Akasema, jamani, kibanda kizuri hiki, kitamfaa Jenerali."

"Jenerali gani?"

"Mbwa wao."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Watu wanne waliitwa wakakibeba, wakakipakia kwenye tela, na Kasuku mwenyewe ndiye aliyekivuta. Kizimba kilichojengwa kwa ajili ya taya la binadamu kilikuwa sasa chini ya kivuli kwenye ua wa meneja, kimetandikwa majani makavu, na mbwa amelala ndani.

Tulikwenda ofisini. Meneja ni mtu mpole wa sauti, na upole ule ndio ulionichoma zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

"Mama, kaa basi. Kwani tatizo ni nini hasa? Ni vyuma tu vile. Vilitoka kwenye lundo letu."

"Vilitoka kwenye lundo lenu vikiwa geti," alisema Mama Mdogo. Hakukaa. "Naomba kizimba changu, Bwana Meneja. Nina magurudumu ya malori yanangoja, na miwa imeshaanza kukatwa."

"Nimeagiza mnyororo mpya. Mzito. Utaona."

"Ule uliokatika nao ulikuwa mpya."

Meneja alitazama dirishani. "Tusirudi kwenye mambo ya zamani. Ajali ni ajali."

Hapo mimi nikaingia. Nilimwambia ajali ni jambo ambalo hakuna aliyelijua kabla, na hili analijua, ameambiwa sasa hivi, kwa hiyo likitokea tena litakuwa na jina lingine. Aliniangalia kama mtu anayesikia mlango ukilia.

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu," alisema Mama Mdogo.

"Mwambie anyamaze, basi." Kisha akasimama, maana yake mazungumzo yameisha. "Mama, kesho malori yawe barabarani. Miwa ikikauka, kiwanda kinanipigia simu mimi, hakikupigii wewe. Kama kazi imekushinda hakuna ubaya, umefanya vya kutosha. Rudisha ovaroli stoo, na ile nyumba tutaona tumpe nani."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Ajaze magurudumu kwa mnyororo kama ule ulioshindwa kumlinda mumewe, au atoke yeye na mumewe na taya lake wakatafute pa kulala. Mtu aliyesema hivyo alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika.

Jioni, nyumbani, sikuweza kukaa. Nyumba ni vyumba viwili, nami nilikuwa nikitoka kimoja kuingia kingine. Nilisema tukusanye sahihi za wafanyakazi. Nilisema tuite watu wa usalama kazini, tuite waandishi wa habari, tuwashe moto. Mama Mdogo alikuwa akichambua mchele.

"Kaa, mwanangu. Unanipulizia vumbi kwenye mchele."

"Mama Mdogo, wewe huna hasira?"

Aliinua macho. Sijawahi kuona macho yale. "Mimi? Mimi hasira yangu naijaza polepole. Ikijaa haraka, inampasua mwenyewe."

Baba Mdogo alikuwa amekaa mlangoni. Tangu taya liunge kombo, maneno humtoka kwa shida, kwa hiyo hasemi mengi. "Usijaze," alisema. "Tutalala popote. Usijaze."

"Nani kasema sijazi?" Aliweka ungo chini. Akanigeukia. "Kizimba kiko wapi?"

"Si kiko kwa meneja?"

"Amekichomelea chini?"

"Hapana, kimewekwa tu uani."

"Basi nimeelewa," alisema. "Karakana ya matairi imehama, na sisi hatukuambiwa."

Asubuhi alimkuta Kasuku akiwasha trekta, akamzuia kwa mkono.

"Zima. Jana ulikuwa ndani ya shamba?"

"Ndiyo, Mama."

"Matairi haya uliyapunguza upepo yashike udongo laini. Leo unapita barabara ngumu ukivuta kompresa na tela la magurudumu, unataka yatambae kwa mbavu? Yaongeze kwanza."

"Tunavuta kompresa kwenda wapi?"

"Kazini."

Kasuku aliongeza upepo, na alipoambiwa kazini ni wapi, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha aliacha kucheka. "Mama Upepo, watatufukuza sote."

"Mimi nimeambiwa malori yawe barabarani leo. Wewe umeambiwa nini?"

"Nivute chochote ninachoambiwa na karakana."

"Haya, vuta."

Tulipita barabara ya nyumba za wakubwa, yenye ua uliokatwa sawasawa na maji yanayorushwa juu ya nyasi. Kompresa ya dizeli ilikuwa ikiruka ruka nyuma ya trekta kama punda mwenye kichaa. Mlinzi wa getini alitoka na rungu lake. Mama Mdogo akamwambia Bwana Meneja ameagiza magurudumu yajazwe leo, na vifaa viko humu ndani. Hakukuwa na uongo hata mmoja katika maneno hayo. Mlinzi akafungua.

Kizimba kilikuwa pale, kimepakwa rangi nyeupe. Juu ya mlango mtu ameandika kwa rangi nyekundu JENERALI. Mbwa mkubwa, manyoya yanang'aa, alikuwa amejilaza huku kidevu kikiwa juu ya moja ya yale mabomba. Mama Mdogo alikwenda akafungua komeo kwa heshima zote.

"Shikamoo, Jenerali. Samahani kwa usumbufu. Tunaomba ofisi yetu."

Mbwa akatoka, akajinyoosha, akaenda kukojolea gurudumu la trekta. Yule mbwa hakuwa na kosa lolote, lazima niseme hivyo.

Kasuku akavuta kamba, kompresa ikanguruma, na vioo vya madirisha ya ile nyumba vikaanza kutetemeka. Meneja alitokea barazani na kitambaa cha kulia chakula kikiwa bado shingoni, mkewe nyuma yake.

"Mama! Nini hiki?"

"Ni kazi, Bwana Meneja! Usisogee, simama hapo hapo ulipo!"

"Nyumbani kwangu?"

"Kizimba kiko nyumbani kwako!"

Gurudumu la kwanza liliingia, likajaa, pete ikakaa kwa mlio ule mdogo anaoupenda, *tak*, kama mtu anayefunga sanduku. Likatoka. La pili hivyo hivyo. Meneja alikuwa akisema mambo, lakini dizeli ilikuwa ikimla maneno. Alishuka ngazi moja. Mama Mdogo akamnyooshea kidole bila kumtazama, jicho likiwa kwenye kipima upepo, naye, jambo la ajabu, akasimama.

La tatu lilikuwa la lori kuukuu kuliko yote. Kabla ya kuliingiza alisugua pete kwa brashi ya waya, akaitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaomba pete mpya ya lori lile, akajibiwa asubiri. Alifunga komeo, akanivuta shati nirudi nyuma zaidi. Upepo ukapanda. Sindano ikapanda.

Sikusikia mlio. Niliusikia kifuani, kama nimepigwa. Kisha vumbi jeupe la rangi likawa linashuka polepole, na kizimba kimerukia kando hatua nzima. Lilipotua tuliona pete imekwama kati ya mabomba mawili, imejikunja, na ua moja la chuma limelala bapa kama limekanyagwa na tembo. Lile ua lilikuwa limeelekea baraza. Mstari mnyoofu kutoka pale ulifika kwenye meza yao ya chai, pale pale barazani.

Kasuku alizima kompresa. Nilimtazama meneja. Nilisema moyoni, sasa. Sasa ameona kwa macho yake. Sasa hata jiwe lingesema kitu.

Meneja aligeuka akatazama nyuma yake. "Ukuta haujapasuka?" aliuliza.

Na mkewe, mikono kichwani: "Jenerali! Jenerali yuko wapi? Jamani, mtafuteni Jenerali!"

Mlinzi akatumwa kumtafuta mbwa. Hakuna aliyemwuliza mwanamke mfupi aliyekuwa amesimama pale, vumbi jeupe kwenye nyusi, kama ameumia. Nilifungua mdomo. Alinibana mkono kwa nguvu zake zote za mtalimbo.

"Lete la nne," alisema.

Mchana malori yalikuwa barabarani, isipokuwa lile kuukuu. Meneja hakumfukuza, maana ili amfukuze angelazimika kutafuta mtu wa kujaza magurudumu yaliyobaki, na yeye mwenyewe alikuwa ameona kilichotokea. Lakini hakusema chukueni kizimba chenu. Kwa hiyo kesho yake tulirudi, na kesho kutwa tukarudi tena. Kila asubuhi kompresa ilinguruma chini ya dirisha la chumba chao cha kulala, na Mama Mdogo alisalimia wote kwa adabu, mbwa akiwa wa kwanza.

Kisha asubuhi moja, kabla hatujafunga tela, tulimwona Kasuku akija kutoka upande wa nyumba za wakubwa, anavuta kizimba juu ya tela jingine. Mafundi waliacha spana zao wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Nilidhani tumeshinda hoja. Nilidhani usiku ule mtu mmoja amekaa na dhamiri yake.

"Amesemaje?" nilimwuliza Kasuku.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Kasuku hakutaka kusema. Alivua kofia, akaivaa. "Mkewe kasema mbwa hali chakula. Tangu ule mlipuko anajificha chini ya kitanda, na makelele ya asubuhi yanazidi kumvuruga."

"Basi? Hiyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo hiyo. Na nimeambiwa niwaambie, mniwie radhi, mimi ni mdomo tu. Kizimba mmeazimwa. Wakipata mbwa aliyezoea kelele, kitarudi."

Tumeazimwa. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Taya la mtu halikutosha. Pete iliyoelekea meza yao ya chai haikutosha. Kilichotosha ni mbwa kukosa hamu ya kula. Nilipiga teke tela, nikaumia kidole, nikasema maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa. Nilisema naenda ofisini sasa hivi.

Mama Mdogo hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amechutama mbele ya kizimba akipapasa lile ua lililolala bapa. Alitoa majani makavu ndani, akatikisa manyoya ya mbwa. Akakishusha kwa msaada wa wenzake, akakisogeza mpaka miguu yake minne ikakaa juu ya zile alama nne. Akaitazama miguu ile. Akazitazama alama.

"Nenda nyumbani," aliniambia. "Mwambie baba yako mdogo aje na mwiko wake wa kupigia saruji. Mwambie mkono wa kushoto unatosha."

Baba Mdogo hakuwa amekanyaga karakana tangu siku ile. Alikuja akitembea polepole, amevaa viatu vyake vya zamani vya kazi. Mama Mdogo alikuwa ameshapasua sakafu kwa mtalimbo kuzunguka miguu yote minne, na Kasuku anachanganya saruji na kokoto kwa koleo huku akiapa kwamba yeye hajaona chochote na hatasema chochote, ahadi ambayo ilidumu mpaka saa ya chakula. Tuliizamisha miguu ya kizimba ndani kabisa. Baba Mdogo alipiga magoti, akasawazisha saruji kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, mpaka ikawa laini. Alipomaliza alishika bomba akajivuta kusimama, na kizimba hakikutikisika.

"Waje sasa," alisema, kwa taya lake kombo, na kila mtu alimwelewa.